Kadi Saba za Viboko

Jumatano, 13 Agosti 2025

Nimedhulumiwa! Kikao cha familia kimeamua mambo bila mimi, tena mimi nikiwa nimekwenda kununua soda za kikao hichohicho. Jumamosi ya tarehe 23 wakwe wanaleta mahari ya Kasilda, na msemaji wetu atakuwa Richard. Richard! Mdogo wangu wa mwisho, mtu ambaye hata salamu anaitoa kwa mkato.

Kasilda ni binti wa marehemu kaka yetu Celestin. Siku ile hospitalini Celestin alinishika mkono, akaniambia, Venansi, huyu mtoto utamsemea wewe. Hakumtaja Richard. Alinitaja mimi.

Nimemwendea dada Yustina, maana ndiye mkubwa wetu na neno lake ndilo la mwisho. Amesema kwenye sherehe ya sendofu ya mwaka jana niliongea saa mbili na robo, watu wawili wakazimia. Uongo mtupu. Alizimia mmoja, naye alikuwa na malaria.

Sikubali. Naandika hapa kwa herufi kubwa: SIKUBALI.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepata njia! Imeletwa na mteja wa chumba namba nne. (Mimi ndiye mtu wa mapokezi wa gesti hii ya Shanwe, hapa Mpanda, na hakuna kinachonipita.) Anaitwa Séverine, Mfaransa, ametoka kutazama wanyama mbugani. Jioni amekaa mezani kwangu anaandika kadi za picha, moja baada ya nyingine, huku anapangusa macho.

Nikamuuliza kulikoni. Akasema kwao mtu akienda likizo hawaandikii wapendwa wake kwamba amefika salama. Anawaandikia yale ya moyoni. Wenyewe wanazibandika kwenye friji na kuzisoma miaka na miaka. Nikauliza, hata kama uliondoka mmenuniana? Akasema hapo ndipo zinapofanya kazi hasa.

Ameniachia kadi saba zilizobaki. Zote picha moja: viboko wamejazana kwenye tope, mmoja mbele amepanua kinywa chote. Nzuri sana.

Mpango: nakwenda likizo. Naandika ya moyoni. Wanalia. Wanabadilisha uamuzi. Meneja nimemwomba ruhusa, akanipa papo hapo, hata hakuuliza narudi lini. Anajua kuthamini watu.

Jumamosi, 16 Agosti

Ikola, ufukweni mwa ziwa. Likizo imeanza. Nimefikia kwa Heri, rafiki yangu mfanyabiashara wa samaki. Ameniweka kwenye stoo ya dagaa. Harufu si mbaya ukipumulia mdomo.

Simu nimeizima. Aliye likizo hapatikani, la sivyo kadi ya nini? Na kwa dada sijasema ninakokwenda. Lazima kadi zimkute moyo ukiwa tayari na wasiwasi.

Kadi ya kwanza imeharibika. Niliiweka juu ya samaki, mgebuka wa kukaanga, bila kuona. Zimebaki sita.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeandika tangu kutoka misa. Mkono umekufa ganzi, ila kazi imetoka.

Kwa dada Yustina: Dada yangu, nikitazama ziwa hili naona mengi niliyokukosea. Usilie. Kasilda nakuachia wewe, mwangalie vizuri.

Nilitaka ajisikie vibaya kidogo. Sioni kosa.

Kwa Richard: Mdogo wangu, nimekusamehe yote. Moyo wangu sasa ni mweupe. Koti langu la kahawia, chukua.

Koti silitoi! Ni lugha tu ya upendo. Mtu mwenye akili atalikataa.

Kazi kubwa ilikuwa kadi ya Yotham, fundi baiskeli, jirani yetu Kawajense. Si ndugu, lakini pale kwa dada hakiamuliwi kitu bila yeye. Yotham ni mtani wangu. Kabila lake na langu yanataniana tangu enzi za mababu, na sisi wawili tumeendeleza kwa miaka ishirini na mbili bila mapumziko. Asubuhi ananiita mzoga. Mimi namuuliza tunamzika lini. Hatujawahi kuambiana neno zuri hata siku moja. Fikiria basi atakavyoguswa! Nimemwandikia: Ndugu yangu Yotham, wewe ni mtu mwema. Asante kwa miaka yote. Kama niliwahi kukuumiza kwa maneno, naomba msamaha.

Kadi ya Kasilda nimeiandika mwisho na sikupanga chochote. Nilimwandikia kwamba baba yake alikuwa akicheka huku amefunika mdomo, kama anavyocheka yeye. Basi. Nafasi ilikuwepo lakini maneno yaliisha. Heri alinikuta nafuta macho, nikamwambia ni moshi wa samaki.

Jumatatu, 18 Agosti

Zimeondoka! Nimezitia kwenye bahasha, nikampa konda wa basi la Mpanda azikabidhi kwa dada. Kila kadi nimeibandika stempu. Konda akauliza stempu za nini wakati anazipeleka yeye. Kadi bila stempu ni kipande cha karatasi.

Alhamisi, 21 Agosti

Nadhani sasa wanalia. Najisikia vizuri sana.

Heri ameuliza naondoka lini, maana anahitaji stoo. Nimemwambia kesho. Nitafika Mpanda siku moja kabla ya wakwe, niwakute wamelainika.

Ijumaa, 22 Agosti

Nje bado kuna kelele. Naandika hivyohivyo.

Nimeshuka stendi, nimetembea hadi nyumbani. Naona turubai uani kwa dada. Viti vya plastiki. Kinamama na masufuria makubwa. Nikajua, mapokezi haya! Kadi zimefanya kazi. Nikaingia kwa nyuma kupitia jikoni ili nisijionyeshe mapema, mama mmoja wa mtaa wa pili akanipa ugali na maharage bila kuinua macho. Nimekula. Nikamuuliza kwa sauti ya chini sherehe ni ya nani. Akasema si sherehe, baba, ni msiba. Kuna kaka mmoja wa hapa ameuawa na kiboko huko Ikola, mwili bado haujapatikana.

Nikasema masikini. Nikauliza jina lake.

Akaniambia.

Chanzo ni Yotham! Amepata kadi Jumatatu jioni, amesoma neno asante. Alianza kulia palepale barabarani akiwaambia watu, "Nyie, Venansi hayupo! Mtani haombi msamaha akiwa mzima!" Dada akasoma yake: nakuachia Kasilda. Richard akasoma yake: chukua koti. Konda akawaambia bahasha imetoka Ikola. Wakapiga simu, haipatikani. Wakageuza kadi kutafuta kilichoniua, wakakiona pale mbele kimepanua kinywa.

Richard alijitahidi kusema kiboko hali nyama. Yotham akamwuliza nani amesema ameliwa, si amekanyagwa? Asubuhi yake kinamama wakaleta kuni. Kuni zikishafika, hakuna wa kuuzuia msiba. Richard amekwisha kukodi gari la kunifuata kesho.

Nilichungulia uani. Katikati ya watu yupo Yotham, amevaa koti langu la kahawia, ananiigiza, kama watani wanavyomwigiza marehemu. Amejaza kitenge tumboni. Anatembea ametanguliza kidevu, anahutubia jiko, anasema, kwa kumalizia, ninayo mambo kumi na manne. Watu wanacheka na kulia pamoja. Anaigiza vibaya kabisa! Mimi sitembei vile. Uvumilivu ukanishinda, nikatoka nikamwambia mbele ya wote kwamba kidevu changu hakiko hivyo.

Sitaandika yaliyofuata yote. Mzee mmoja aliruka ukuta. Dada Yustina alianguka, akainuka, akanikumbatia, kisha akanipiga na mwiko. Yotham akanitukana tusi ambalo sijawahi kulisikia, la kunihusu mimi, kiboko na heshima ya kiboko. Analitamka huku machozi yanamiminika kwenye koti langu. Na mimi nililia. Naam, nililia. Sikujua kwamba watu wangu wangenililia namna ile, hata Richard, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba.

Hata hivyo, nasisitiza: kadi zilikuwa sahihi. Wasomaji ndio walikosea.

Jumamosi, 23 Agosti

Wakwe wamefika saa nne, wametokea Ilembo. Walikuwa wamesikia msiba, wamekuja wamevaa nguo za kuhani msiba, na mahari imebaki kwao. Nikaenda kuwapokea getini. Mzee Josephat, baba wa bwana harusi, alinipa mkono, akanipa pole ya kufiwa na Venansi. Nilisema asante. Ningefanyaje?

Dada alipomweleza, mzee hakucheka hata kidogo. Akasema familia isiyojua nani yuko hai ni ya kuiwazia mara mbili. Nilimwona Kasilda mlangoni, vidole vinakunja kanga, na nilijua ni mimi niliyemfikisha hapo. Moyo uliniuma kweli.

Dada akamsukuma Richard aseme. Richard akasimama, akasema karibuni, akakaa. Ndiyo hotuba yake yote!

Hapo Kasilda akatoka mwenyewe. Binti haingii kwenye kikao cha mahari yake, lakini aliingia, akapiga magoti, akasema, "Shikamooni wazee. Naomba anisemee baba mdogo Venansi." Mkononi ameshika kadi yangu, imelegea kwa kusomwa. Dada akafumba macho. Kasilda akaongeza kwamba ana sharti moja: nisiseme zaidi ya yale yanayoenea kwenye kadi moja. Watu wote wakaitikia kwa nguvu. Yotham alipiga mpaka makofi.

Nimekubali bila ubishi. Nikaomba dakika chache chumbani. Nimechukua kadi moja kati ya mbili zilizobaki na kalamu yangu yenye ncha nyembamba. Nimeandika nyuma. Nimezunguka pembeni. Nimegeuza, nikaandika juu ya tope, halafu juu ya viboko, mmoja baada ya mwingine, nikamalizia ndani ya kinywa kilichopanuka. Herufi ndogo kama chawa. Kadi ni moja! Sharti limetimizwa!

Nimesoma saa moja na dakika hamsini.

Sehemu ya Celestin niliisoma vizuri. Nilisema aliyenikabidhi mtoto huyu hayupo, ila kicheko chake kipo hapa uani, mkitaka kukisikia, mchekesheni. Kasilda akacheka huku analia, mkono mdomoni. Mzee Josephat alimtazama, akainamisha kichwa, akamtuma kijana wake akaifuate mahari. Huo ulikuwa mwanzo wa hotuba, dakika ya nne hivi. Dada anasema ningeishia pale. Hapana! Bado nilikuwa na viboko karibu tisini.

Mahari imepokelewa saa tisa. Hakuzimia mtu, isipokuwa mama mkwe, na hiyo ni njaa tu.

Jumapili, 24 Agosti

Kikao kingine baada ya misa, safari hii nimekuwepo. Mzee Josephat ametuma ujumbe: ndoa ipo, wamemkubali Kasilda kwa moyo wote, ila siku ya harusi upande wetu aseme yule kijana wa jana aliyesema karibuni.

Richard! Tena! Kwa neno moja!

Dada ameniapisha kwa jina la Celestin kwamba sitamwandikia kadi mtu yeyote wa familia hii mpaka harusi ipite. Nimeapa. Mimi nikiapa sivunji. Yotham amesema nikivunja atanizika mwenyewe, na koti harudishi mpaka nife sawasawa.

Lakini Mzee Josephat si wa familia hii. Bado. Na nimemtazama jana, ni mtu mgumu ambaye hajawahi kuandikiwa ya moyoni. Nimebakiwa na kadi moja safi. Kesho alfajiri naondoka kwenda Sitalike siku tatu, likizo fupi, simsumbui mtu. Simu nitazima. Konda nimeshaongea naye, stempu ninayo.

Nimeanza hivi, na nadhani ndiyo kadi bora niliyowahi kuandika: Mkwe wangu mpendwa, unapoisoma kadi hii, mimi sipo tena.