Mwiko wa Karakana ya Pampu

Jongeeni, enyi watu wa Kolwezi, nanyi mliopanda kutoka Mutshatsha na magunia ya makaa. Zimeni redio, nyamazisheni simu, msikie habari kuu za mafundi watatu wa karakana ya pampu za mgodi, waliozeeka pamoja kazini bila kuchokana, na jinsi walivyoingia vitani kwa ajili ya sufuria ya bukari, ugali wetu.

Asubuhi ile Mama Tshibola, mpishi wa karakana, malkia wa moshi, aliutia mwiko wake sufuriani, nao ukavunjika katikati. Hasara ndogo, utasema wewe usiyejua! Lango la kiwanda halifunguliwi hadi jioni, hakuna wa kutoka kununua mwingine. Tena Mkurugenzi Symphorien, ambaye cheo chake ni kusimamia furaha ya wafanyakazi, alikuwa amejenga kantini mpya, trei moja kwa mtu mmoja, meza za wakubwa mbali na za wadogo, akaapa kwamba siku jiko la karakana litakapokosa chakula cha mchana, siku hiyohiyo atalifunga.

Ndipo Godefroid mkerezaji, Simba wa Chuma, akapanda juu ya kasha na kunguruma:

“Ba ndugu! Tunakula mu sahani moya tangu tulikuwa na nywele nyeusi! Leo batupatie kila mutu plateau yake, sawa bagonjwa ku hôpital? Mi nakataa! Leteni inox!”

Wakaleta chuma kisichoshika kutu. Godefroid akakereza, Kabemba akachomelea, Ruffin mwenye jicho kali akapima, wakabishana juu ya upana wa bapa kama wafalme wanaogawana nchi. Ukatoka mwiko unaong’aa, unaofaa injini ya ndege. Mama Tshibola akautumbukiza katika maji yanayochemka, akakoroga kidogo, akapiga yowe na kuutupa sakafuni.

“Ba tata, ba baba!” akawahutubia, akipuliza kiganja. “Munatengeneza ma pompe tangu mi ningali musichana, na hata mumoya hakukumbuka kama chuma inashika moto?”

Majabari wa tanuru wakauokota mwiko wao kwa koleo.

Kisha Kabemba akainua nyundo yake, aliyokuja nayo kwa treni akiwa kijana, akaung’oa mpini wa mti mgumu uliolainishwa na mikono yake mwenyewe. “Kamata,” akamwambia Godefroid, “kabla nibadilishe mawazo.”

Mpini ukafungwa kwenye mashine ya kukereza. Wazee waliinamisha vichwa kuutazama, Mama Tshibola akiwa kando na mkono uliofungwa kitambaa, Symphorien alipoingia kunusa kama jiko limekufa.

“Mnafanya nini hapo?”

Godefroid, asiyejua kusema uongo, akamjibu mkubwa wake bila kugeuka, “Mwiko, chef.”

Sasa huyu Symphorien alisomea Dar es Salaam, na katika Kiswahili cha kitabuni mwiko pia ni jambo la mila lisiloguswa. Alivitazama vichwa vile vilivyoinama na ule mkono uliofungwa, akavua kofia. “Samahani, wazee. Sikujua. Mila ziheshimiwe.” Akatoka kinyumenyume.

King’ora cha saa sita kilipolia, bukari ilikuwa mezani na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kando. Harufu ikamrudisha Symphorien. Mama Tshibola akammiminia maji ya kunawa, naye akajibana kati ya Ruffin na Kabemba.

“Wazee,” akauliza kwa sauti ya kazi, “mnaridhika na kazi yenu?”

“Acha kwanza tushibe, chef,” akasema Ruffin.

“Na ule mwiko wa asubuhi?”

“Njo ule, uko mu sufuria,” Ruffin akauonyesha kwa kidevu.

Symphorien akautazama, masikio yakamwaka moto. Kisha akamega tonge jingine.

Basi ijulikane hadi Musumba na Sandoa: jiko halikufungwa, na mwiko wa chuma umetundikwa ukutani kama upanga wa mfalme. Naye Kabemba, mpaka leo, anaazima nyundo, na katika karakana nzima hakuna anayemnyima.