Shibiri Moja ya Mkanda

Suruali ndiyo iliyomleta Kipimo katika jengo lile. Ilikuwa imechanika nyuma, kuanzia mfukoni hadi karibu na goti, katika shughuli ya kuruka ukuta ambayo mwenyewe hakupenda kuizungumzia. Asubuhi hiyo alikuwa amemuuzia mwenye duka la rangi kiwanja kizuri sana, chenye kasoro moja tu: hakikuwepo. Mwenye duka aligundua kasoro hiyo mapema kuliko ilivyotarajiwa, na alikuwa na mbwa.

Fundi cherehani alikuwa ghorofa ya saba, mjane wa makamo ambaye wateja walimwita Bi Mkasi, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake pia. Kipimo alikaa nyuma ya pazia amejifunga shuka, fundi akaigeuza suruali huku na huku.

"Umechanwa na nini, mwanangu?"

"Waya wa uzio, mama. Nilikuwa napima viwanja."

"Uzio una meno huu," alisema Bi Mkasi, akahesabu matundu manne yaliyopangana vizuri. Akaishona, akairudisha. "Uzi mweusi umeniishia. Nimetia wa zambarau. Ukiwa umekaa hauonekani."

Kipimo alishukuru, akatoka, akaita lifti. Wakati anaisubiri aliona mlango wa chuma ulioandikwa CHUMBA CHA MASHINE, na mlango huo haukuwa na kufuli wala kitasa. Ulikuwa umefungwa kwa waya uliokunjwa mara mbili. Sasa mtu kama Kipimo, ukimwonyesha mlango uliofungwa kwa waya, ni sawa na umempa mwaliko. Akachungulia. Aliona mikanda mitatu myeusi, bapa, upana wa vidole viwili. Kila mmoja ulipanda kutoka kwenye shimo la lifti, ukaingia ndani ya kiota cha chuma, ukazunguka kabari, kisha ukarudi na ncha yake ikabaki inaning'inia nje, urefu wa shibiri moja. Kuhusu lifti alijua kubonyeza vitufe tu, lakini zile ncha zilimpendeza. Zilionekana kama kitu kinachoweza kumtisha mtu.

Huko chini kando ya ngazi alimkuta mwenye jengo akizungumza kwenye simu. Huyu aliitwa Mzee Funguo, kwa sababu kiunoni alining'iniza funguo za kila chumba, na alipotembea alisikika kabla hajaonekana. "Cheti cha usalama wa lifti?" alikuwa akisema kwa sauti ya asali. "Kipo, kipo! Yaani kinakuja. Nyinyi leteni meza zenu tu, ghorofa mbili nzima zinawasubiri."

Kipimo alisimama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Jumanne akarudi na pikipiki yake nyekundu, kofia ngumu kichwani, fulana ya kung'aa, ubao wa kuandikia, na muhuri aliouchonga mwenyewe kwa soli ya kandambili. Ndani ya mfuko wa fulana kulikuwa na chupa ndogo ya rangi nyeupe ya kucha. Alimpandisha Mzee Funguo hadi chumba cha mashine, akamulika tochi, akaguna. Akaguna tena, kwa huzuni zaidi.

"Kuna nini?" aliuliza mzee.

"Mzee wangu, unaona hizi ncha?"

"Naziona."

"Zilikuwa na urefu gani zilipofungwa?"

"Nitajuaje mimi?"

"Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mkanda unateleza ndani ya kabari. Unachomoka. Hiki unachokiona ndicho kilichobaki." Alishusha sauti kama daktari aliye mlangoni mwa wodi. "Shibiri moja, mzee wangu. Shibiri moja tu kati ya wapangaji wako na sakafu."

Mzee Funguo alishika funguo zake zisilie. Kipimo akatoa chupa, akapiga mstari mweupe juu ya mkanda wa katikati, palepale unapoingilia kwenye kiota cha chuma. "Alhamisi tutakuja kuangalia. Mstari ukiwa hapahapa, mimi ni mwongo. Ukiwa umeshuka, basi ni kabari mpya, na cheti nakupa siku hiyohiyo."

Tusimdharau Mzee Funguo. Alikuwa bahili wa kiwango cha juu, na bahili hatapeliwi kirahisi, kwa kuwa humwuma kutoa hata kwa mtu mkweli. Alifikiri, akatoa masharti matatu. Malipo yatakuwa baada ya kazi. Pikipiki itabaki uani, chini ya mnyororo wake, mpaka kazi iishe. Na siku ya kukabidhi, Jumamosi, mkaguzi mwenyewe atapanda lifti hiyo mara saba pamoja na mifuko minane ya saruji.

"Hata ishirini!" Kipimo alicheka. Lifti ilikuwa nzima, angeogopa nini? Akakabidhi ufunguo wa pikipiki. Mzee naye akaifunga lifti papo hapo na kubandika karatasi: HATARI. TUMIENI NGAZI.

Karatasi hiyo ilimkuta Bi Mkasi amebeba jora la kitambaa begani. Moyo ulimpasuka. Jumamosi mama wa bibi harusi alikuwa aje kukagua gauni na nguo za wasindikizaji wanane, kazi kubwa kuliko zote alizopata tangu mumewe afariki, na mama huyo alikuwa mnene na mwenye magoti mabovu. Alikuwa ameshamwambia kwenye simu, bila kuzunguka: "Fundi, mimi ngazi sipandi. Lifti ikizingua nampelekea mwingine." Na kodi ya chumba, chakula, ada ya binti aliyekuwa chuoni, vyote vilikuwa ndani ya lile gauni.

Akaanza kupanda, ngazi baada ya ngazi. Mbele yake alikuwa akipanda mkaguzi wa lifti, aliyesahau ubao wake juu. Unapopanda ngazi nyuma ya mtu, macho yako hufika mahali fulani iwe unataka au hutaki, na mahali hapo Bi Mkasi akaona mshono wa uzi wa zambarau.

Aliutua mzigo, akashuka mbio hadi chini.

"Mzee, huyu si mkaguzi. Juzi nimemshonea suruali, aliniambia anapima viwanja."

"Mtu hawezi kuwa na kazi mbili?"

"Ile mikanda haina tatizo. Marehemu mume wangu alifunga lifti miaka kumi na tisa, mimi ndiye niliyekuwa namshikia tochi. Ncha huachwa nje makusudi!"

"Wewe shona nguo, mama," alisema Mzee Funguo. "Mwenzio ana muhuri."

Hapo ndipo Bi Mkasi alipokasirika kweli. Ilikuwa mwaka wa pili sasa anamwomba mzee huyo atengeneze kengele ya dharura, taa ya ndani inayopepesa, na mlango unaobana watu mikono. Kila mara aliambiwa mwezi ujao. Akapanda ghorofa zote saba tena, akakaa mbele ya cherehani bila kushona, akafikiri. Kisha akaenda kwenye ule mlango, akakunjua waya, akaingia.

Kila kitu kilikuwa kama marehemu alivyomfundisha. Kabari hupenda uzito. Lifti ikivuta, kabari inazama ndani ya kiota chake na kuubana mkanda. Ikivuta zaidi, inabana zaidi. Ule mkia wa shibiri ni akiba tu, kama akiba ya mshono ambayo fundi mwenye akili huiacha ndani ya gauni. Kwenye mkanda wa katikati aliuona mstari mweupe. Na chini, kando ya ubao uliosahauliwa mara ya pili, aliiona chupa ya rangi ya kucha. Bi Mkasi alicheka peke yake kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Alhamisi asubuhi Kipimo aliwahi kufika, kabla ya mzee. Mpango ulikuwa mwepesi: afute mstari wa zamani, apige mwingine chini yake. Mfukoni alikuwa na chupa mpya, maana ile ya kwanza aliidondosha asijue wapi. Akamulika tochi.

Mstari ulikuwa umeshuka. Vidole viwili kamili.

Aliufuta uso wake, akatazama tena. Vidole viwili. Akajaribu kukumbuka kama aliushusha mwenyewe, akakumbuka kwamba hakuushusha. Uongo wake ulikuwa umegeuka kweli bila kumwomba ruhusa, na ubaya ulikuwa kwamba hapakuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa alikuwa ameshamwambia kila mtu.

Mzee Funguo alipofika na kuuona mstari, alimpa mkono kwa heshima. "Kumbe unajua kazi! Haya, funga kabari zako. Jumamosi, safari saba."

"Mzee wangu, labda tungeanza bila mtu ndani..."

"Kwa nini? Si utakuwa umeshatengeneza?"

Kipimo alifikiria kukimbia. Alikwenda uani, akaitazama pikipiki yake nyekundu chini ya mnyororo mnene kama mkono wake, kitu pekee maishani alichokinunua kwa bei halali, na machozi yakamlengalenga. Akapanda ghorofa ya saba, akagonga mlango wa fundi cherehani.

"Suruali imechanika tena?" aliuliza Bi Mkasi.

"Mama, hapa jirani hakuna fundi wa lifti? Fundi wa kweli?"

"Nilidhani wewe ndiye fundi."

"Mimi ni... wa upande wa makaratasi."

Bi Mkasi alikata uzi kwa meno, taratibu. "Yupo shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Lakini huyo hafanyi kazi nusunusu. Akishika lifti, anashika yote. Na analipwa kabla."

"Hata leo nampa!"

Akampa kweli. Fedha yote ya kile kiwanja kisichokuwepo ikatoka kwenye soksi na kuingia mkononi mwa shemeji, mtu mpole asiyependa maneno, ambaye alikuwa ameshaelezwa kila kitu na ndiyo maana aliuma midomo muda wote asicheke. Alikagua kabari zote na kuzikuta zimeng'ata vizuri. Akaweka kengele mpya. Akabadilisha taa. Akanyoosha mlango ukaacha kubana watu. Kipimo alikuwa amekaa nje kwenye ndoo akiuliza kila baada ya dakika: "Shemeji, zimeshika?"

"Tutajua Jumamosi," alijibu shemeji.

Jumamosi Mzee Funguo alijisimamisha ghorofa ya saba na ubao mkononi. Alikuwa amepanda kwa ngazi. Yeye na lifti walikuwa bado hawajaelewana. Kipimo aliingia kati ya mifuko minane ya saruji na kupanda mara ya kwanza macho yakiwa yamefumbwa. Mara ya pili aliwaomba radhi watu wote aliowauzia viwanja, kwa majina. Mara ya nne majina yalikuwa hayajaisha. Kila alipofika juu mzee alitia alama na kusema, "Bado."

Aliposhuka kwa ajili ya safari ya saba, mlango ulifunguka na hapo chini akamkuta mwanamke mmoja, mpana, aliyependeza, ameegemea fimbo.

"Sogeza hiyo mifuko," alisema.

"Mama, tafadhali, ngoja inayofuata."

"Inayofuata ni ipi? Lifti iko moja. Mimi namwendea fundi wangu wa gauni la mwanangu." Akaingia. Sakafu ilishuka kidogo, kama zinavyoshuka lifti zote, na Kipimo akatoa sauti ambayo yule mama aliikumbuka hata siku ya harusi. Kisha wakapanda, taratibu, laini, bila hata kutikisika, mpaka juu.

"Lifti nzuri," alisema mama wa bibi harusi akitoka. Bi Mkasi alikuwa mlangoni amemfungulia mikono, na gauni lilikuwa nyuma yake limening'inia jeupe. Alipoona yule mama ameshusha pumzi na kutabasamu, alijua kazi haitaondoka. Akageuza uso upande kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya futi yake ya kupimia.

Kipimo alipiga muhuri wa kandambili kwenye cheti, akanyoosha mkono. Mzee Funguo akaweka humo ufunguo wa pikipiki.

"Na malipo, mzee wangu?"

"Tulisema baada ya kazi. Hatukusema baada ya muda gani," alijibu Mzee Funguo. "Wapangaji wapya wakishaingia, pita pita."

Kipimo hakuwa na nguvu za kubishana. Alikuwa hai, na pikipiki ilikuwa yake. Akarudi ndani ya lifti na mifuko yake minane. Mlango ulipoanza kujifunga, Bi Mkasi akakimbia akampenyezea kifurushi kidogo cha kitambaa.

"Ulisahau kitu chako, mwanangu. Kimepungua kidogo, utanisamehe."

Lifti ikaanza kushuka. Kipimo akafungua kitambaa, akaikuta chupa yake ya kwanza ya rangi ya kucha, imebaki nusu. Kitambaa chenyewe kilikuwa na doa jeupe la rangi iliyofutwa, pana kama mkanda. Alilitazama kutoka ghorofa ya saba mpaka ya tano. Kati ya tano na nne akaelewa.

Akapiga kelele. Akabonyeza vitufe vyote. Akabonyeza kengele ya dharura, nayo ikalia vizuri sana, jengo zima likasikia. Akaanza kurukaruka na kupiga sakafu kwa miguu yote miwili kwa hasira, na huko juu, kila alipokanyaga, kabari zikazidi kuing'ata mikanda.