Kikohozi cha Bibi Litiana

Feri nzima ilikuwa inasimulia kwamba wageni wameikimbia hoteli kongwe ya pale Levuka, mji wa Fiji ulio ufukweni, kwa sababu ya mwanamke aliyevaa nguo nyeupe anayetembea ghorofani. Abiria mmoja, Sakiusa, hakuogopa, alifurahi. Mzimu usio na ndugu ni mali isiyo na mwenyewe, naye hakupenda kuona mali inapotea bure.

Akateremsha pikapu yake nyekundu, kitu pekee alichokipata kwa jasho, ingawa jasho halikuwa lake. Akanyoosha sulu, ile shuka yake ya kiunoni, akaingia hotelini. Ukutani palikuwa na picha ya mama mmoja, jina limeandikwa chini. Sakiusa alilisoma kwa jicho moja, la pili likaanza kutoa machozi.

"Bibi Litiana. Mama wa mama yangu. Ndiye huyo wa ghorofani. Anakohoa, maskini."

"Kukohoa hatujasikia," alisema Vilimaina, mwenye hoteli.

"Ni upweke unaomkohoza. Anataka mjukuu akae naye. Chumba cha kutazama bahari, samaki wa nazi mara tatu kwa siku. Wiki mbili tu, atatulia."

Vilimaina alimtazama weee, kisha akamkumbatia. "Litiana ni shangazi yangu. Basi wewe ni mwanangu. Karibu nyumbani."

Siku tatu Sakiusa alikula mpaka sulu ikagoma kufungika.

Siku ya nne, mdomo wa Sakiusa umejaa samaki, Vilimaina akaja kuketi mbele yake na kaka zake wawili, watu wapole wenye mabega ya kubebea mashua.

"Mwanangu, naomba pikapu yako."

Fiji, ndugu akiomba unatoa. Anayenyima si ndugu. Na kama si ndugu, siku tatu hizi alikuwa anakula samaki wa nani? Sakiusa aliyatazama yale mabega, akatoa ufunguo.

"Na saa," alisema kaka mkubwa.

"Na viatu, mpwa wangu," alisema mdogo, akivipima kwa mguu wake.

Lakini ujanja haufi kwa kofi moja. "Mama," Sakiusa alisema kwa sauti ya asali, "nami ni ndugu. Naomba pikapu."

"Pole, umechelewa. Vyote nimeshamtolea bibi yako. Panda ukamwombe."

Sakiusa aliinua macho ngazini, tayari kucheka, kwa maana kile kikohozi alikitunga mwenyewe.

Ghorofani mtu akakohoa.

Feri ya mchana ilimkuta gatini, pekupeku, wa kwanza kwenye foleni. Waliomuuliza pikapu iko wapi aliwaambia amemwachia bibi.