Bima ya Magurudumu Kumi na Manne

Jumamosi, 3 Novemba 2007. Rashidiya.

Miaka arobaini na mitatu na miezi minane tangu nitoke Unguja kuja huku kwa Waarabu. Kwa kalenda ya mwezi inatimia arobaini na mitano. Nimehesabu kwa zote mbili ili mwenzangu Msellem asipate la kusahihisha.

Asubuhi nimekuta karatasi ya manispaa kwenye kioo cha lori. Mulkiya, yaani kadi ya gari, inaisha Alhamisi. Isipohuishwa hadi adhuhuri ya siku hiyo, lori litavutwa. Hakuna mulkiya bila bima. Hakuna bima, kwa sababu ile ya mwaka jana niliipata kwa mtu ambaye ofisi yake sasa ni duka la simu.

Niandike kwa utaratibu. Lori ni kichwa kikuukuu cha kuvutia makontena, magurudumu sita. Nyuma yake tela la magurudumu manane, ambalo Mjerumani mmoja mjenzi wa barabara aliligeuza nyumba: kitanda, jiko, kabati, na choo kidogo ninachowekea vitabu vya historia. Nililinunua kwake miaka miwili iliyopita alipokuwa akirudi kwao. Mimi nalo tutapanda meli hadi Dar, kisha Unguja, kwenye nyumba ya dada yangu. Mtaa mzima unajua. Kila mwaka nimesema mwakani, lakini tangu nipate lori nasema mwakani nikiwa na ushahidi.

Barazani Msellem ameuliza litapita wapi. Msellem tulisoma darasa moja, tukaondoka mwezi mmoja. Alirudi kutembea mwaka 2003 kwa wiki mbili na mpaka leo hajamaliza kuzisimulia. Amesema, "Maalim, kichochoro cha dada yako mtu na baiskeli hawapishani. Hilo dubwana utalikunja?"

Nimemjibu kwamba kuna mambo ya kiufundi asiyoyajua. Usiku nitayatafuta.

Jumapili, 4 Novemba

Nimekwenda Al Rigga, ofisi ya bima, ghorofa ya pili juu ya mkahawa. Aliyekuwa mezani ni binti wa Kikenya, Teresiah, mwenye subira ya muuguzi. Fomu yake haina pa kuniweka. Kama ni lori, lazima niwe na leseni ya biashara. Kama ni gari la binafsi, uzito umezidi mara tano. Kama ni nyumba, nyumba haina breki. Ameniuliza, "Mzee, kwani hii kitu ni lori ama ni nyumba?"

Hapo akili ikafanya kazi. Nimesema ni lori, na tela limebeba samani zilizotumika, mali yangu mwenyewe, si biashara. Kitanda kimoja, jiko moja, kabati, vitabu. Kila neno kweli. Nimeacha tu kusema kwamba vimepigwa misumari.

Teresiah ameandika. Amesema atakuja mkaguzi Jumanne kuona mzigo, na nikubali tu kuonyesha, si kueleza. Sijui kwa nini alisisitiza hilo.

Nimerudi kwa teksi nikijihisi kijana. Nje ya dirisha wanasimika nguzo za treni ya juu, moja baada ya moja.

Jumatatu, 5 Novemba

Japhet amekuja wakati wa magharibi akitoka gereji Ras Al Khor. Ni fundi kutoka Mbeya, mtaratibu, husema "mzee" kabla ya kila habari mbaya. Leo amesema mzee mara saba. Upepo wa breki unavuja. Taa moja ya nyuma imekufa. Na ile sahani kubwa ya chuma mgongoni mwa kichwa, ambayo tela hukaa na kugeukia juu yake, imekauka kabisa. Amesema isipopakwa grisi nzito itasaga chuma kwa chuma, na siku moja nitapiga kona, kichwa kikakata na tela likaendelea na safari zake. Breki na taa amezitengeneza papo hapo. Grisi ameniagiza ninunue kopo kubwa.

Baada ya Japhet kuondoka nimefikiri. Nimesoma mahali kwamba watu wa kale walilainisha magurudumu ya magari yao kwa mafuta ya wanyama, na wakateka nusu ya dunia. Jikoni kulikuwa na kopo la samli. Nimelipaka lote. Sahani imeng'aa kama sinia ya harusi.

Saa moja baadaye Masuda, mke wangu, ameuliza samli yake iko wapi. Nimemwambia iko kazini.

Jumanne, 6 Novemba

Siku ya kusahauliwa. Naiandika yote.

Jua la saa nne limeyeyusha samli. Imechuruzika hadi kwenye matairi, na paka wote wa Rashidiya wamepata habari. Nimehesabu kumi na tatu chini ya lori, wakilamba kwa adabu, bila kugombana. Nilikuwa nawafukuza kwa gazeti mkaguzi alipofika.

Anaitwa Hafiz, mtu wa Hyderabad, mpole, ana shati la mikono mirefu na ubao wa kuandikia. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nifungue mlango wa tela, achungulie kwa nje, aone kitanda na kabati, nifunge. Nilipangia kila kitu isipokuwa mdomo wangu.

Maana Hafiz hakuchungulia. Alisimama chini ya ngazi, akavua miwani ya jua, akatoa salamu kama mtu anayebisha nyumba ya watu. Na mimi, mtoto wa Bi Zuwena, niliyelelewa kwamba anayesalimu mlangoni haachwi juani, nikajisikia nikisema, "Karibu, karibu ndani, usisimame."

Akavua viatu. Mzigo gani mtu huuvulia viatu?

Nikajaribu kumtoa. Sikuweza, kwa sababu Masuda alikuwa ameshasikia sauti ya mgeni. Alikuja na halua, akawasha jiko la mzigo, akachemsha kahawa ndani ya mzigo, akafukiza udi. Hafiz akaketi juu ya kitanda nilichokitangaza kuwa shehena. Masuda akamwekea mto mgongoni. Nilimkonyeza. Akaniuliza mbele ya mgeni nina nini jichoni.

Hafiz amekunywa vikombe vitatu. Amesifu halua. Amevuta kabati taratibu kwa kidole, halikutikisika. Amemuuliza Masuda kwa Kiarabu cha sokoni kama huwa tunalala humo. Masuda, ambaye hajawahi kusema uongo tangu nimuoe, na hilo limenigharimu sana, akasema hapana, ila Maalim hulala mchana, siku akikasirika.

Alipokuwa akivaa viatu niliona alichoandika kwenye ubao. Mstari wa kwanza: mzigo una mapazia. Wa pili: mapazia yamefuliwa. Wa tatu sikuusoma, paka alikuwa amempandia Hafiz na kuuziba.

Jumatano, 7 Novemba

Teresiah ameniita. Nimekwenda na hotuba kichwani kuhusu haki za wazee. Sikupata nafasi. Amesema Hafiz ameandika taarifa nzuri kuliko zote alizosoma mwaka huu, na ofisi nzima imeisoma. Kisha akasema amepata njia. Kuna fungu la magari ya matumizi maalumu. Tutaliandika kama lilivyo, nyumba inayovutwa, bila samani za kubuni. Likipita ukaguzi wa gari kesho asubuhi, bima ni yangu.

Nikamwombea dua. Akasema ningoje, kuna sharti moja. Bima hiyo ni ya ndani ya nchi tu. Lazima nitie saini kwamba gari halitavuka mpaka wala kupakiwa melini.

Nikamwambia haiwezekani. Lori hilo ni la kwenda nyumbani.

"Sawa mzee. Unaenda lini?"

Swali hilo nimelijibu tangu kabla wazazi wake hawajakutana. Nikasema mwakani. Ameninyooshea kalamu, halafu ameirudisha mezani, karibu na mkono wangu. Nikaondoka bila kuigusa.

Jioni Msellem amekuja na ushauri ambao sikumwomba. Ana shamba Al Khawaneej. Badala ya kuacha manispaa walivute likakatwe vyuma, yeye yuko tayari kulichukua bure. Atafugia mbuzi.

Nikamuuliza vitabu je. "Mbuzi wanapenda vitabu," amesema. "Watavimaliza haraka kuliko wewe."

Masuda hakucheka. Msellem alipokwenda, nimemuuliza Masuda kama atasikitika likivutwa. Amesema lori halijapata kumsumbua. Kinachomsumbua ni sanduku lililo chini ya kitanda chetu. Analipakia kila Januari na kulipakua kila Desemba, na amechoka kukunja nguo zile zile. Kanga za zawadi alizomnunulia wifi yake, muundo wake umekwisha kupitwa na wakati.

Nikachukua tochi, nikaenda kukagua matairi.

Alhamisi, 8 Novemba

Saa kumi na moja alfajiri Japhet amekuja na kopo lake la grisi. Amenusa. Ameinama. Ameuliza, "Mzee, hii ni nini?" Nimesema ni njia ya kale. Ameikwangua samli yote kwa kipande cha ubao bila neno, akapaka grisi nyeusi, na paka wakaondoka mmoja mmoja wakitutazama kama wapangaji waliofukuzwa.

Nimeendesha mwenyewe. Leseni ya magari makubwa ninayo tangu 1979, nilipoacha kufundisha na kushika tangi la maji. Ukaguzini wamebonyeza breki, wamewasha taa, wamezunguka mara mbili. Mkaguzi kijana ameuliza kwa nini lori linanukia maandazi. Japhet amejibu haraka kwamba mzee anakaa jirani na tanuri la mkate. Limepita saa tatu na nusu.

Saa nne na nusu nilikuwa Al Rigga. Lori nimeliacha mbali, limeziba njia ya hoteli moja, Japhet akiomba radhi kwa lugha nne. Teresiah aliitoa fomu chini ya karatasi nyingine. Hakuwa ameirudisha kwenye faili.

Nimesoma sharti mara tatu. Maneno yake ni machache na yamepangwa vizuri. Gari hili halitatoka nje ya nchi kwa barabara wala kwa bahari. Nimefundisha insha miaka kumi na tano na sikuona pa kusahihisha.

Nikatia saini. Teresiah amegonga muhuri na kusema, "Khalas, mzee, imekwisha. Sasa liko salama." Akaniuliza kama ningependa chai. Nimekunywa.

Mulkiya mpya nimeipata saa tano na dakika hamsini. Nyumbani gari la kuvuta lilikuwa limeshafika, minyororo chini. Dereva ameisoma kadi, mbele na nyuma, akasema yalla, yaani haya basi, akaenda zake bila kupokea kahawa.

Masuda alitazama kadi pia. Hawezi kusoma sharti lililo nyuma yake, limeandikwa Kiingereza. Ameingia chumbani, nikasikia sanduku likivutwa kutoka chini ya kitanda, na milango ya kabati ikifunguliwa.

Ijumaa, 9 Novemba

Baada ya sala, barazani. Nimewaonyesha mulkiya. Nimetangaza kwamba tunaondoka Machi, kabla masika hayajachanganya. Msellem ameuliza na kichochoro? Nimemwambia dada anazungumza na majirani kuhusu kubomoa kibaraza kimoja. Ameguna. Kwa mara ya kwanza tangu 2003 hakutaja safari yake.

Dada nimemwandikia barua kumwarifu kwamba anazungumza na majirani.

Halafu nimempigia Japhet kumwagiza matairi mapya ya mvua, kumi na manne, yenye meno marefu. Ameniuliza mara ngapi mvua inanyesha Rashidiya. Nimemwambia ajifunze kufikiri mbele. Ameniuliza pia kama bima inaruhusu safari. Nimemwambia nina wazo: tela halina injini, kwa hiyo mbele ya sheria huenda si gari, ni samani zilizotumika. Jumapili nitamwona Teresiah na kumweleza.

Masuda amening'iniza nguo kwenye jua la ua, nguo za sandukuni, kanga zote mpya. Moja amejifunga. Inampendeza, muundo umepita au haukupita.

Matairi yatafika Jumatatu. Unguja sitarudi.