Doha Inaniita

Jumatatu, 4 Machi
Bi Raoudha, meneja wetu, kagawa dodoso la kuridhika kazini. Siri tupu, hakuna kuandika jina. Swali la saba: una rafiki hapa kiwandani? Miaka kumi na tisa nakagua lebo za chupa za mafuta ya zeituni. Nikaandika: wengi mno. Swali la mwisho: nani anapendwa kuliko wote? Nikajaza kwa unyenyekevu, kwa wino wangu wa kijani.

Jumanne, 5 Machi
Matokeo ukutani. Ameshinda Hedi wa mauzo. Hedi! Huchelewa kila siku, hutoa kichekesho kimoja, husamehewa. Mimi nina kura moja. Hedi kauliza kwa sauti ni nani hapa hutumia wino wa kijani.

Sawa. Nimemnong'oneza kuwa kampuni moja ya Doha inanitaka. Nikamsihi asimwambie mtu. Kesho watanililia nisiende!

Jumatano, 6 Machi
Kiwanda kizima kinajua. Hakuna aliyelia. Hedi kanikumbatia: "Umetutoa kimasomaso, kaka!" Lamjed wa ghalani ana wasiwasi huko nitapata wapi harisa ya kweli, ile ya pilipili. Bi Raoudha kasema riziki haizuiwi. Angezuia japo kidogo!

Alhamisi, 7 Machi
Wameniandalia hafla ya kuniaga. Makrudhi, vile vikeki vya tende, na chai yenye lozi. Nimeketi katikati! Hedi kasimulia siku niliyozuia lori zima kwa sababu lebo ziliandikwa "zeituli". Kumbe kuna aliyeona. Wakacheka, nami nikacheka. Tangu mama afariki sijala na watu wengi hivyo. Nilikusudia kusema ukweli. Nikaomba makrudhi nyingine.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemkuta Hedi kwenye meza yangu, ameshahamia. Ikabidi nikiri mbele ya wote. Bi Raoudha kauliza, kwa hiyo Doha hakuna mtu? Nikajibu watu wapo tele, ila hawanijui. Hedi kainuka, kakipangusa kiti kwa mkono wa shati. "Haya kaa, mwongo wee."

Baadaye Lamjed kanivuta pembeni. "Si ungesema tu, kaka? Kila siku saa nne tunakunywa chai ghalani. Njoo." Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia lebo.

Jumatatu, 11 Machi
Saa nne. Vicheko vinatoka ghalani. Lamjed kaniita mara mbili kupitia dirishani, nikampungia mkono kwamba nina kazi. Chai tu hiyo, huenda ananihurumia. Alhamisi ndiyo siku niliyopendwa, na nilipendwa kwa kuwa naondoka. Hesabu iko wazi. Kwa hiyo natunga barua ya ugonjwa. Nilianza na figo, nikafuta. Figo, watu hutuma salamu. Moyo, watu huja.