Pini za Sofa Juu ya Paa la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Novemba
Nimepewa paa la Mama Ritha, hapa hapa Kambarage. Mimi fundi sofa, paa sijawahi kupanda. Kwani kuna nini huko juu? Herman, kaka yake Ritha, kapata dhahabu Geita, kamletea mama yake vigae vya lami, vile laini vya kubandika kimoja kimoja juu ya mbao. Ritha, mchumba wangu, anasema mama akiridhika, wazee wangu watapokelewa Jumapili kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Asiporidhika, nimsahau. Kidudu mtu ni Magesa, fundi paa. Eti kila kigae misumari minne yenye kichwa kipana. Minne! Huyo atamaliza Pasaka. Mimi nina bunduki yangu ya pini, ya kubania vitambaa vya makochi. Ta! Ta! Ta! Kwisha.

Jumanne, 5 Novemba
Upande mmoja tayari. Magesa kasimama chini, mikono nyuma, mkaguzi asiyeajiriwa na mtu. Kasema pini haina kichwa, sawasawa na mwenye nayo. Vibarua wakacheka. Nyoo! Mchana jua likalainisha vigae, pini zikawa zinazama mpaka zinachana. Kutoka chini haionekani. Mama Ritha kauliza kama misumari aliyonunua imetosha. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamjibu imebaki. Si uongo. Imebaki yote.

Jumatano, 6 Novemba
Nimemaliza! Siku mbili tu! Mama Ritha kahamishia kitanda chake chini ya paa jipya na kunichinjia kuku. Magesa hakualikwa. Nimekula paja nikimfikiria yeye.

Alhamisi, 7 Novemba
Upepo. Halafu mvua. Vigae vimeng'oka mstari kwa mstari. Kimoja kimetua kwenye karai la maandazi la jirani, Mwanaima, na kanitukana mpaka babu yangu. Maji yakapita kwenye mbao, yakamwagikia chumbani kwa Mama Ritha. Mama anapiga kelele, godoro langu, godoro langu! Nikakimbia. Nikafika mlangoni nikasimama wima. Mkwe wa Kisukuma haingii chumbani kwa mama mkwe. Heshima hiyo! Magesa, asiye mkwe wa mtu, akanipita ubavuni, akatoka na godoro kichwani. Wakamshangilia. Kwa godoro!

Ijumaa, 8 Novemba
Mama Ritha kasema "yaya" ya Kisukuma mbele ya majirani. Hapana. Wazee wangu wasije. Nimelia. Humu naweza kukiri, nampenda Ritha kuliko hata bunduki yangu. Ritha kampigia mama yake magoti. Nimepewa leo na kesho, nirudishie vigae vyote kwa nyundo na misumari, kwa mkono wangu, Magesa akikagua. Magesa! Kaniazima nyundo yake kwa dharau. Nimeipokea kwa dharau zaidi.

Jumamosi, 9 Novemba
Vidole vitatu vimevimba. Mjinga yule kutwa anahesabu misumari kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, haya kingine. Saa kumi Mama Ritha kamwita ndani kunywa chai. Amekunywa vikombe vitatu, mlafi. Aliporudi nilikuwa nimeshamaliza. Kashangaa kasi yangu. Ashangae tu.

Jumapili, 10 Novemba
Wazee wamepokelewa! Ng'ombe wamekubaliwa! Mama Ritha kaniita mwanangu, Ritha kacheka mpaka machozi. Hata Magesa kanipa mkono, kasema kumbe nafundishika. Mimi nifundishwe na yule? Ebo! Mawingu meusi yanapanda upande wa Mhunze na sina wasiwasi wowote. Ile mistari minne niliyoipiga pini wakati anakunywa chai iko juu ya chumba cha Mama peke yake. Mkwe haingii humo. Kikivuja, mimi nitajuaje?