Kimulimuli cha Kirikuu

Jumatatu, 1 Septemba

Upepo tangu alfajiri. Nyasi kavu kama ugoro. Msimu wa moto umefika, na mimi, Liberatus, umri miaka sitini na tatu, dereva wa kikosi cha kujitolea cha kuzima moto hapa kijijini karibu na Nyololo, nimeshaaibika.

Ijumaa mipaini ya parokia iliwaka. Nikapakia madumu ya maji kwenye Kirikuu, kigari changu cha kubebea kabichi, nikaondoka mbio. Mbio! Barabara kuu ilijaa malori ya Zambia. Hakuna aliyenipisha. Nilipofika, moto ulikuwa umezimwa na watu wanatafuna mahindi. Shedrack mwenye pikapu alikuwa amefika wa kwanza. Kwa nini? Ana taa ya njano juu ya paa, aliifungua kwenye greda bovu. Inazunguka. Malori yanamheshimu.

Kiongozi wetu ni Juliana. Juliana ni mwanangu, kitinda mimba. Nyumbani ananiita Baba. Kazini ananiita Dereva. Ijumaa hakuniita chochote. Alinitazama tu, akageuka.

Kwenye moto yeye hutangulia mbele kabisa. Na mimi mwenye maji niko nyuma ya lori la shaba! Haiwezekani. Nahitaji kimulimuli.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemwambia mke wangu Eveline naenda Mbeya kutafuta mbegu za kabichi. Nimepanda basi la asubuhi, nikaenda moja kwa moja sokoni Mwanjelwa. Dada mmoja, Bupe, muuza vifaa vya magari, amenipa kiti na shikamoo mbili. Nikamweleza shida yangu. Akatoa boksi. Kimulimuli kirefu, chekundu na bluu! Ameapa kilitoka kwenye gari la wagonjwa la Japani. Amekiwasha pale pale, redio yake ikipiga muziki. Duka zima likawa kama mbinguni.

Bei siiandiki. Eveline anajua kusoma.

Mbegu nimesahau.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekifunga juu ya Kirikuu kwa nati nne. Nimebonyeza swichi. Kimya. Nimebonyeza tena. Kimya. Nikamlaani Bupe kwa sauti kubwa. Kikawaka! Nikanyamaza kwa furaha. Kikazimika.

Saa nzima nimefanya utafiti. Kinaitikia kelele. Nikipiga makofi, chekundu. Nikikohoa, bluu. Nikiimba, kijani na zambarau, rangi ambazo Bupe hakuzitaja. Eveline ametoka jikoni, akatazama, akasema hiyo ni taa ya disko. Nimemjibu kwamba Wajapani wana utaratibu wao kuhusu wagonjwa.

Si neno. Nitaendesha huku napiga kelele.

Jioni Juliana amekuja. Amesema vimulimuli ni vya zimamoto wa serikali, polisi na magari ya wagonjwa. Mtu wa kujitolea, na gari lake binafsi, haruhusiwi. Shedrack naye ameambiwa, na ameshaitoa yake bila ubishi. Mnafiki!

"Baba, toa hiyo taa," amesema.

Amesema Baba. Hakusema Dereva. Kwa hiyo si amri ya kikosi. Nimeifunika kwa tenga.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku ya majaribio. Mchana mweupe, barabara kuu. Nikaondoa tenga, nikashusha vioo, nikaimba nyimbo za kwaya kwa nguvu zangu zote. Malori matatu yakanipisha. Matatu! Machozi yakanitoka.

Kisha kwenye kioo nikaona Harrier nyeupe yenye maua. Nyuma yake Noah mbili. Nyuma ya Noah, pikapu ya matarumbeta. Nikaongeza mwendo, nao wakaongeza. Matarumbeta yakalia, kimulimuli kikapata wazimu, zambarau tupu. Nikakata kona kuingia kijijini. Wote wakakata kona. Ulikuwa msafara wa harusi kutoka Iringa, wakidhani mimi ndiye gari la kuwaongoza.

Nimemfikisha bibi harusi kwenye mashine ya kusaga mahindi.

Mama wa bwana harusi alinitamkia maneno ya Kihehe ambayo mimi, Mhehe wa kuzaliwa, sikuwahi kuyasikia. Nyuma yao alikuja Afande Mika wa usalama barabarani. Akauliza gari langu ni la huduma gani. Nikasema zimamoto. Akauliza mbona zambarau. Nikakohoa, kikawa bluu. Kimulimuli kikachukuliwa, mimi nikakalishwa kwenye benchi la kituo.

Juliana ndiye aliyekuja kunitoa. Aliandika barua ya kuniombea msamaha, kwa mwandiko niliomfundisha mwenyewe akiwa na miaka mitano. Herufi ndefu, zimelala kidogo. Tukarudi kwa Kirikuu, tukavuka mto.

"Ijumaa ile nilihesabu watu mara tatu," akasema. "Wewe hukuwepo. Nikasema umepinduka. Sikuutazama moto tena, Baba. Nilitazama barabara."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nami, nyuma ya lori lile, nilikuwa nautazama moshi tu na kutaja jina lake. Nikamwambia gia ya tatu inasumbua.

Jumanne, 9 Septemba

Moto! Saa nane mchana, bondeni, mipaini iliyo juu ya nyumba ya mjane Faustina. Juliana ametangulia na watu sita. Mimi na madumu nyuma.

Nimefika barabara kuu. Msururu wa malori, hakuna upenyo, na ng'ambo ile moshi mweusi umesimama kama ukuta. Nikapiga honi. Nikapiga kelele. Hakuna kitu.

Basi ghafla Shedrack! Ameacha pikapu yake pembeni, ameruka katikati ya barabara na tawi bichi mkononi, kifua wazi. Lori limefunga breki hatua mbili kutoka kwake. "Kamwene, mzee!" akanisalimu kwa Kihehe. "Pita! Pita!" Nikapita.

Sikumwona Juliana. Moto ulikuwa umeruka njia ya kuzuia moto na mabomba yao ya mgongoni yalikuwa matupu. Moshi mtupu. Nikaenda na Kirikuu humo humo ndani, polepole, nikilia. Kisha sauti yake: "Dereva! Maji!"

Sijawahi kuitwa vizuri namna hiyo.

Wakajaza, wakapuliza, wakarudi, wakajaza. Nyusi zangu hazipo. Saa kumi na moja upepo ulitulia na moto ukafa, hatua thelathini kutoka jiko la Faustina. Yeye alikuwa ameketi nje amemkumbatia kuku, hataki kuondoka.

Juliana aliingia kwenye Kirikuu, akaegemeza kichwa begani kwangu, akalala pale pale. Masizi yote kwenye shati langu. Sikuwasha injini. Eveline alipopiga simu nilinong'ona: tupo, wote wawili. Akauliza kama tutakula ugali au wali.

Shedrack amenifaa. Sitamwambia.

Jumapili, 14 Septemba

Mkutano wa kikosi baada ya misa. Juliana ametangaza: kwenye magari binafsi hakuna taa, hakuna king'ora, hakuna kipaza sauti. Mkono wangu umekuwa wa kwanza kuunga mkono. Nimesimama nikasema mbele ya wote kwamba nimejifunza. Nimepigiwa makofi. Juliana amefuta macho.

Baada ya mkutano Shedrack amenivuta pembeni. Ameninong'oneza kwamba kengele haikutajwa. Nimemwambia aondoke, mimi ni mtu mpya. Kisha nimemuuliza kengele gani.

Shule ya msingi imepata mpya. Ya zamani, ringi nzima ya lori, imelala nyuma ya banda la Shedrack. Tumeinyanyua wawili, tumeifunga kwa mnyororo kwenye Kirikuu. Kirikuu imekaa kitako kidogo. Haidhuru. Nimeigonga mara moja tu, taratibu, kwa nyundo.

Kuku wa Shedrack bado hawajarudi.

Juliana amepiga simu kuuliza kama tumesikia huo mlio. Nimemwambia bila shaka ni shuleni.

"Leo Jumapili, Baba," amesema.